UZI: King Vidor na The Crowd (1928), kamera inayomwokota mtu kwenye umati halafu inamrudisha

#1 Fundi Projekta

Wakuu salaam.

Jukwaa limejaa mabishano ya stelingi yupi mkali kuliko mwenzake, basi leo nawaletea stelingi asiye na ukali wowote. Anaitwa John Sims. Hapigani, hatajiriki, hamwokoi mtu. Filamu ni The Crowd ya mwaka 1928, haina sauti, mwongozaji King Vidor, studio MGM. Hadithi nitaimwaga yote humu, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa uhondo akaitazame kwanza.

Kilichonifanya nifungue uzi ni kwamba kila anayeitaja filamu hii anataja shoti moja tu, ile ya kamera kupanda ghorofa. Nitaifikia. Ila naona Vidor alikuwa na wazo moja alilolishikilia tangu mwanzo hadi mwisho, na ghorofa ni pale linapojitokeza waziwazi zaidi. Kamera yake haimfuati John kwa kuwa John ni mtu maalumu. Inamwokota kwenye umati, inakaa naye miaka kadhaa, halafu inamrudisha ilikomtoa.

Usuli kidogo. Vidor alizaliwa Galveston, Texas, mwaka 1894. Mwaka 1925 alitoa The Big Parade, filamu ya Vita Kuu ya Kwanza, na MGM ikavuna pesa za kutisha. Ukishaiingizia studio pesa namna ile unaitwa ofisini unaulizwa unataka kufanya nini sasa. Aliyemuuliza ni Irving Thalberg, bosi wa uzalishaji ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka 30. Vidor amesimulia kwamba jibu lilimtoka palepale bila kujiandaa: askari anapita vitani anaona makubwa, lakini hata mtu wa kawaida anayejipitia zake maishani anaona makubwa vilevile. Thalberg akampa ruhusa. Jina la mwanzo lilikuwa One of the Mob, likaachwa kwa sababu lilisikika kama filamu ya migomo, vibarua na matajiri.

Sasa tuingie ndani. John anazaliwa tarehe 4 Julai 1900, sikukuu ya uhuru wa Marekani, mitaani kuna maandamano na bendera. Baba anamnyanyua na kutangaza kwamba dunia itamsikia mtoto huyu. Mzaha umeshaanza hapo: siku ambayo taifa zima linashangilia, baba anadhani shangwe ni za kwake.

Akiwa na miaka 12 amekaa na wenzake wanaambizana kila mmoja atakuwa nani. John anasema baba yake amemwambia atakuwa mtu mkubwa. Mara gari la wagonjwa la farasi linasimama mbele ya nyumba yao. Tunahamia ndani. Kamera iko juu kabisa ya ngazi inatazama chini, mlango uko mbali kule na watu wamejazana mlangoni. Mtoto anaanza kupanda peke yake kuja kwetu. Kuta za ngazi zilijengwa zikizidi kubanana kadiri zinavyoshuka, kwa hiyo ule mlango unaonekana uko mbali kuliko umbali wenyewe, na mtoto anapanda ngazi zisizokwisha. Hakuna maiti, hakuna mtu anayejitupa sakafuni. Hatua tu, na nyuma yake watu wanaotazama wasithubutu kumfuata. Umati wa kwanza wa filamu hii ndio huo.

Miaka 21 inamkuta kwenye boti anaingia New York. Abiria mwenzake anamwonya kwamba mji ule unataka uwe hodari kweli ndipo uwashinde wengine. Zinafuata picha za jiji zikipandiana, watu, magari, treni, halafu kamera inasimama mbele ya jengo refu na kuanza kupanda ukuta. Madirisha yanapita, yote yanafanana. Inachagua moja. Kwa nini hilo? Hakuna sababu, na hapo ndipo penye utamu. Inapenya ndani, tunaona ukumbi wa madawati safu kwa safu, vichwa vimeinama. Inateremka, inateremka, inatua kwenye dawati namba 137. Ni John wetu. Hesabu za bima ziko mbele yake na macho yako kwenye saa ya ukutani. Kamera ingechagua dirisha la jirani tungetazama filamu ya mtu mwingine, na ninaamini ingekuwa ileile.

Saa ya kutoka ikifika wote wanasimama kwa mkupuo. Chumba cha kunawia, kila anayeingia anamtupia mwenzake utani uleule, na John anakereka kwa kurudiwa nao. Kisha mtu mwingine anapita, John naye anatoa utani uleule. Sekunde chache tu hizo, ila ukizikosa umekosa nusu ya filamu.

Nimeishia hapa kwanza, bado nyumbani kwa John sijagusa. Karibuni.

#2 Mtaa wa Saba

Naweka kambi. Madini haya.

#3 Kinyozi Mstaafu

Mkuu, mimi ni wa vibanda umiza, nilizoea filamu ambayo kuna mtu pembeni anakutafsiria. Hii bubu unaielewaje? Na hiyo kamera ilipandaje ghorofa mwaka 1928, droni zilikuwa wapi?

#4 Kaka Mhariri

Kinyozi, kuelewa hakuna shida, kuna vibao vya maandishi vinaingia katikati, na Vidor kavitumia kwa uchache. Vipande vingi unavisoma usoni tu.

Suala la ghorofa nalijibu maana kazi yangu ni kuunga vipande. Ile si shoti moja, ni kadhaa zimeyeyushwa zikaingiana. Mwanzo ni jengo la kweli, kamera imesimama chini inainua shingo. Halafu picha inayeyukia kwenye modeli ya ukuta wa ghorofa, na modeli yenyewe haikusimamishwa, ililazwa sakafuni studio. Kamera iliwekwa kwenye daraja lenye magurudumu juu yake na kusukumwa mbele. Jicho lako linaamini inapanda, kumbe inatembea kama toroli. Inafika dirishani, picha inayeyuka tena kuingia kwenye seti halisi ya ofisi, na huko kamera imening'inizwa kwenye waya inashuka hadi kwa James Murray, mwigizaji wa John. Ukijua viungo viko wapi unaviona, lakini mwendo umelinganishwa vizuri kiasi kwamba hujali.

Ofisi ile imezaa watoto. Billy Wilder alipotengeneza The Apartment mwaka 1960 alijenga ukumbi wa madawati wa aina hiyohiyo. Msanifu wake, Alexandre Trauner, aliweka madawati madogo zaidi kule nyuma na watu wafupi wa kuyakalia, ili ukumbi uonekane hauna mwisho. Ni ujanja uleule wa ngazi za Vidor, umehamishiwa kwenye sakafu.

Upande wa pili kuna picha za New York mtaani. Nyingi zilipigwa kwa kamera iliyofichwa, ndani ya magari na ndani ya makasha, watu wanapita bila kujua. Kwa hiyo wale unaowaona wakimpita Murray bila kumtazama hawaigizi kutomtazama. Hawamwoni kweli.

#5 Pwani Hii

Nawasalimu kutoka Mombasa. Niruhusuni nipinge kidogo.

Ghorofa, ngazi, kamera kuning'inia, yote hayo Wajerumani walishayafanya. Murnau, mwongozaji wao, alimaliza kazi na The Last Laugh mwaka 1924, kamera inatembea kama ina miguu yake, na Hollywood nzima ikaanza kuiga. Mwaka 1926 studio ya Fox wakamleta Murnau mwenyewe Marekani. Vidor alikuwa anaonyesha kwamba na yeye anaweza, na mimi sioni aibu kusema baadhi ya shoti hizo zinajionyesha. Wodi ya wazazi, kwa mfano. John anaingia kumtazama mkewe aliyejifungua, vitanda vimepangwa safu kama madawati ya ofisini. Nimeelewa bwana, hata kuzaliwa ni kiwanda. Umeshaniambia mara tatu.

Uwezo wa Vidor mimi nauona kamera ikitulia. Chukueni ile asubuhi ya ugomvi. Chumba kidogo, treni ya juu inapita dirishani, kabati halifungi, choo kinavuja. Mary, mke wa John, anaandaa kifungua kinywa, kila kitu anachogusa John anakitafutia lawama, naye Mary anarudisha. Anamwambia anaondoka. John anaondoka kwanza. Mary anasimama na jambo alilotaka kumwambia tangu mapema: ana mimba. Anamwita dirishani, John anarudi, na yule mwanamume aliyekuwa anafoka dakika moja iliyopita anaanza kumshika mkewe kama glasi. Kamera haikufanya ujanja wowote. Imewaacha watu wawili wachokane na kurudiana mbele yetu.

#6 Mke wa Nahodha

Pwani Hii umenena, ila umemsahau aliyeibeba asubuhi hiyo. Eleanor Boardman, mwigizaji wa Mary. Wakati huo alikuwa mke wa Vidor, wameoana 1926, na alikuwa mrembo wa kutangazwa magazetini. Humu ndani kavuliwa urembo wote. Nywele ovyo, gauni la nyumbani, uso wa mtu aliyelala vibaya. Waigizaji wa kike wa MGM walikuwa wanamulikwa kama malaika, mume wake akamwambia aonekane kama mwanamke aliyechoka, naye akakubali.

Tazameni mikono yake kwenye kile kipande cha pikiniki ufukweni. John kalala anapiga kinanda chake kidogo cha nyuzi, ana raha zake. Mary anapika, anafuta mchanga, anamshika huyu, anamfunga yule, chakula kinamwagika. Hakuna kibao cha maandishi kinachosema mama anachoka. Mwanamume anaota na mwanamke anafanya, na Vidor hamfanyi John kuwa mbaya kwa hilo. Ni mvivu wa kawaida. Ndiyo maana inauma.

Na choo mlichokitaja, ile ilikuwa habari. Filamu za Marekani zilikuwa hazionyeshi choo kabisa, watu wa sinema walikuwa kama hawana haja.

#7 Fundi Projekta

Asanteni, uzi umechangamka. Pwani Hii, hoja yako ya kutulia naichukua, ila naigeuza.

Ukigawa filamu kwa mahali utaona kitu. Ofisini, hospitalini, mtaani, kwenye mabembea ya Coney Island, pote hapo watu wako kwenye safu na kamera inaruka, inashuka, inateleza. Nyumbani kamera inakaa chini kama mgeni. Kwa hiyo mitambo ya Kijerumani Vidor hakuimwaga popote. Kaipa mahali ambapo John ni namba, akainyima mahali ambapo John ni mtu. Wodi ya wazazi inakukera kwa sababu Mary amehamishwa kutoka nyumbani akaingizwa kwenye safu. Mimi ilinikera pia, na nadhani ilitakiwa.

Halafu tazama msiba unatokea wapi. John ameshinda zawadi ya dola 500 kwa kubuni tangazo la biashara. Hatimaye ameonekana! Ananunua vitu vya kuchezea, yeye na Mary wanasimama dirishani wanawaita watoto walio ng'ambo ya barabara, wanawaonyesha vile vitu. Watoto wanakimbia. Mvulana anavuka. Binti anagongwa na lori.

Wazazi wamo ndani, watoto wako nje, katikati kuna barabara. Vile vitu viwili ambavyo Vidor amevitenganisha filamu nzima vinakutana pale dirishani, na kinachovikutanisha ni furaha ya baba. Wanashuka mbio, tayari watu wamejaa. John anambeba mtoto kuingia naye ndani na umati unamfuata nyuma, unataka kuona. Kumbukeni ngazi za mwanzo. Alipokuwa na miaka 12 umati ulibaki chini, sasa unapanda naye.

#8 Mtaa wa Saba

Hapo kwenye dirisha nimefunga simu nikaenda kuwaangalia wangu wanacheza wapi.

#9 Sauti ya Kibla

Mimi kazi yangu ni redio, kwa hiyo nawaletea jambo la sauti, tena ndani ya filamu isiyo na sauti.

Baada ya ajali mtoto amelala mahututi, daktari yupo, na John anaamini kelele za nje ndizo zinazomuua. Anashuka mtaani. Watu wanakwenda zao, gazeti limetoka na habari mpya wanaligombania, magari yanapita. John anawaendea kifua mbele, ameinua mikono, anawasihi wanyamaze, mtoto anaumwa. Mtu mmoja dhidi ya mtaa mzima unaokuja kwa kasi upande wake. Polisi anamrudisha nyumbani akimwambia dunia haiwezi kusimama kwa sababu mtoto wake anaumwa.

Sasa fikirieni: sisi watazamaji hatusikii kelele hata moja. Tunaziona tu. Midomo, magurudumu, miguu. Mwongozaji mwenye sauti angetupigia honi na kengele tukaziba masikio na kumwonea John huruma rahisi. Humu tunamwona mtu anapambana na kitu ambacho sisi hakitugusi, tuko kimya kama wale wapita njia. Oktoba 1927 studio ya Warner walishatoa The Jazz Singer na studio zote zikaanza kukimbilia vipaza sauti. Hii ilitoka miezi michache baadaye, na kwa kipande hicho pekee nathubutu kusema kulikuwa na mambo ambayo sauti ilikuja kuyaua.

Nyongeza: Vidor alikuwa na sikio la mdundo. Kwenye The Big Parade kuna askari wanatembea msituni wakidondoka mmojammoja, na alitumia kidude kile cha wanamuziki cha kuhesabu mapigo ili kila hatua iangukie kwenye pigo. Ukishalijua hilo, rudi kwenye chumba cha kunawia cha Fundi Projekta. Mikono, taulo, utani, taulo, utani. Ni muziki ule.

#10 Kinyozi Mstaafu

Nimeimaliza jana usiku. Wakuu, mbona mwisho wake unanichanganya? Wameishia kucheka, kwa hiyo mambo yamenyooka au hayajanyooka?

#11 Fundi Projekta

Twende taratibu, maana hapo ndipo studio ilipotoana jasho.

Baada ya kifo cha binti, John hawezi kufanya kazi. Anakaa kwenye dawati lake, tarakimu zinaelea usoni pake, na katikati ya tarakimu ajali inajirudia. Anaacha kazi. Anajaribu hiki, anaacha, anajaribu kile, hakidumu. Kaka zake Mary wanampa kazi, anaikataa kwa kiburi. Mary anamchapa kofi. Anakwenda kwenye daraja la juu ya reli akiwa na nia mbaya, anashindwa, na mtoto wake wa kiume, ambaye amemfuata bila kujua kinachoendelea, anamwambia akikua anataka awe kama yeye.

Anakwenda kutafuta kazi na safari hii anapata. Kazi gani? Mwanzoni kabisa, siku anachumbiana na Mary, walikuwa juu ya basi wakamwona mwanamume mtaani kavaa mavazi ya kuchekesha, anarusha mipira, kabeba bango la tangazo. John akamcheka, akasema nina hakika baba wa huyu alidhani mwanawe atakuwa rais. Ndiyo kazi hiyo anayopata. Mavazi yaleyale, mipira, bango.

Anarudi nyumbani na tiketi za maonyesho. Mary alikuwa anaondoka, anabaki. Wanakwenda ukumbini watatu, wanacheka. Kwenye kijitabu cha ratiba kuna lile tangazo alilolibuni. Anamwonyesha Mary, Mary anamwonyesha jirani wa kiti cha pili, wote wanazidi kucheka. Hapo kamera inaanza kurudi nyuma na kupanda. Wanakuwa watatu kati ya kumi, kati ya hamsini, kati ya ukumbi mzima unaoyumba kwa kicheko. Huwaoni tena. Imemrudisha.

MGM hawakuupenda. Louis B. Mayer, bosi wa studio, hakuipenda filamu yenyewe. Zilijaribiwa tamati saba, na mwishowe kumbi zilipelekewa mbili zichague: hii, na nyingine ambapo familia imetajirika na wako mbele ya mti wa Krismasi. Vidor alidai ile ya pili karibu hakuna ukumbi ulioionyesha.

Jibu langu kwako: mambo hayajanyooka, amepata nafuu ya jioni moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo tamati ya ukatili kuliko zote ambayo studio ya Marekani ilikubali kuitoa wakati ule.

#12 Mke wa Nahodha

Ukatili uko wapi? Mimi naona ndiyo mara ya kwanza John anakaa kwenye safu bila kukereka. Filamu nzima anahangaika ajitofautishe. Pale ukumbini anamgeukia mtu asiyemjua, wanapigana mabega kwa kicheko. Mtaani alipotaka huruma ya umati alinyimwa, humu amepewa kicheko na amekipokea. Kamera inapopanda sijaona mtu anayemezwa. Nimeona mtu ambaye ameacha kujisumbua.

#13 Pwani Hii

Mimi na Mke wa Nahodha leo tuko boti moja. Ila naongeza chumvi: kinachowachekesha pale jukwaani ni wachekeshaji, watu wa kazi ileile ya John. Kesho asubuhi yeye ndiye atakuwa anachekwa. Kwa hiyo Fundi naye hajapotea. Vidor ameacha milango yote miwili wazi na kila mtazamaji anatokea kwa mlango wake.

#14 Kaka Mhariri

Jambo moja halijasemwa, James Murray mwenyewe.

Vidor hakutaka nyota. Alitaka uso ambao mtazamaji hajawahi kuuona, maana ukimweka nyota maarufu kwenye dawati 137 kamera inakuwa imemchagua yeye tangu kwenye bango la nje ya ukumbi. Akamwona Murray anapita ndani ya eneo la studio, ekstra tu, yaani mtu wa kujaza picha, akamsimamisha na kumwambia aje wazungumze. Murray hakuja. Alidhani anadanganywa. Ikabidi wamtafute kupitia orodha ya malipo ya maekstra.

Kwa hiyo Vidor alifanya kwa mikono yake kile ambacho kamera inafanya kwenye ghorofa. Alichagua dirisha. Na yaliyofuata yanatisha: pombe ikamshika Murray, kazi zikakauka. Vidor alikutana naye tena mtaani akiwa ameshachakaa, akitaka kuombaomba. Akampa nafasi kwenye filamu nyingine kwa sharti ajirekebishe, Murray akaikataa kwa hasira. Mwaka 1936 alikutwa amekufa maji kwenye mto Hudson, New York. Vidor alikaa na kisa hicho miaka mingi, hata akaandika muswada wa filamu juu yake, haikutengenezwa.

#15 Mtaa wa Saba

Dah. Na tuzo je, hawakupata chochote?

#16 Sauti ya Kibla

Sherehe ya kwanza kabisa ya Oscar, 1929. Kulikuwa na kipengele cha filamu ya kipekee na ya kisanaa, The Crowd ilikuwamo, lakini iliyoshinda ni Sunrise ya yuleyule Murnau. Vidor naye alipendekezwa kama mwongozaji wa drama, akachukua Frank Borzage kwa 7th Heaven. Vidor alisimulia kwamba Mayer mwenyewe, bosi wa studio iliyoitengeneza, hakutaka ishinde. Yaani baba mzazi kampigia kura mtoto wa jirani. Baadaye heshima ilikuja: mwaka 1989 Marekani ilipoanzisha orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa, The Crowd ilikuwa kwenye kundi la kwanza.

#17 Kinyozi Mstaafu

Naomba mwongozo wa mwisho. Niliyoiona haikuwa na muziki wowote, nikawasha redio pembeni. Nilikosea?

#18 Sauti ya Kibla

Hukukosea, ila kuna raha umeikosa. Enzi zile kumbi zilikuwa na wapigaji wao, hazikuwa kimya. Mwaka 1981 Uingereza, Kevin Brownlow na David Gill waliirudisha kwa muziki mpya wa okestra wa Carl Davis, tafuta hiyo. Filamu yenyewe tangu Januari 2024 haina mwenye haki miliki Marekani, kwa hiyo nakala zitazidi kuzagaa mtandaoni, nyingine zimepakwa muziki wowote tu. Muziki wa Davis bado una mwenyewe.

#19 Mke wa Nahodha

Fundi, nikitaka kuendelea na Vidor niende wapi?

#20 Fundi Projekta

Nenda Our Daily Bread, 1934. John na Mary Sims wamo tena, majina yaleyale, waigizaji wengine. Marekani imeanguka kiuchumi, hawana kazi, wanapewa shamba lililochakaa na kulifungua kwa kila mwenye ufundi wake, seremala, fundi bomba, mkulima. Studio zilikataa kuitengeneza, Vidor akatafuta pesa mwenyewe. Nafasi aliyoitaja Kaka Mhariri hapo juu, ile Murray aliyoikataa, ilikuwa ya John wa filamu hiyo.

Mwishoni kuna ukame na wanaume wanachimba mfereji wa maili kadhaa kuleta maji shambani. Sururu zinapanda na beleshi zinashuka kwa mapigo ya kuhesabu, ule mdundo wa Sauti ya Kibla, safari hii umati wote una jambo moja la kufanya. Uigizaji humo ni wa kusuasua, nawaonya mapema, na John mpya hana hata robo ya Murray. Lakini kipande cha mfereji kitazameni mara mbili, kisha mniambie kama ni mtu yuleyule aliyelaza ghorofa sakafuni. Ijumaa nikipata nafasi nitaufungulia uzi wake.